Mbili kwa Moja

Tarehe thelathini Desemba, tisini na mbili.
Stoo ya ubalozi, Milimani, taa moja imeungua.
Redio ya askari getini inahesabu kura za jana;
sisi humu tunahesabu vijiko.

Bwana Bohumil anataja namba kwa Kicheki,
Bi Zlatica anazirudia kwa Kislovakia,
na mimi Bosibori, mwaka wangu wa kumi na moja na daftari hili,
nasikia namba zilizonyonya ziwa moja.

Agizo lilikuja kwa faksi: mbili kwa moja.
Viti ishirini na vinne. Kumi na sita, nane.
Bilauri thelathini na tatu
(ashukuriwe balozi yule aliyeivunja ya thelathini na nne).
Piano haikatwi kwa msumeno.
"Chukueni."
"Hapana, kaeni nayo, sisi hatuna wa kuipiga."
Wakacheka, kisha Bohumil akaifunika shuka
polepole, kama anayemfunika aliyelala.

Bendera je? Hapo hawakucheka.
Aliikunja Bohumil. Zlatica akautazama mjakaranda dirishani
hadi droo ilipofungwa.

Wimbo wao wa taifa nimeusimamia kila Oktoba:
sehemu mbili, na katikati kimya kifupi.
Nilidhani kanda ina kasoro.
Kumbe pale ndipo palipoachwa upindo;
fundi alijua nguo itakuja kufumuliwa.

Saa saba nilipiga simu Molo, parokiani.
Kaka yangu Nyangau analala kwenye benchi la kwaya
na watoto wanne, na cherehani isiyo na meza.
Akufukuzaye hakwambii toka, tulifundishwa.
Hawa walimwambia,
kwa karatasi zilizotupwa usiku, zenye tarehe.
Na tarehe waliitimiza.
Hakuna aliyekuja na daftari.

Nilirudi na swali mdomoni.
"Mliulizwa? Mlipiga kura mtengane?"
Zlatica akakitazama kidole changu, wino wa jana haujatoka.
"Hatukuulizwa."
"Na hamkupigana?"
"Tuligombana sana. Miaka. Juu ya kistari,
kiwekwe au kisiwekwe katikati ya jina."
Kistari!
Nilitaka kucheka, koo likakataa.

Sisi tumeulizwa, na nyumba zinawaka.
Wao hawakuulizwa, na hakuna hata bilauri iliyolia.
Sijui niandike nini kwenye safu ya maelezo.

Vijiko thelathini na saba.
Ishirini na vinne, kumi na viwili,
kimoja kikabaki mezani, hakina nchi.
Wakatazamana, wakanitazama.
Nikachukua rula, nikapiga kistari kati ya safu mbili,
kirefu, hadi mwisho wa ukurasa,
na chini yake, kwa wino uleule:
kijiko, kimoja, Molo.