Funguo za Stoo

Miaka kumi na tisa nimezivaa shingoni,
funguo tatu kwenye uzi wa kiatu:
mlango wa kanisa, kabati la hesabu,
na stoo tunamoweka viti vya plastiki.
Mke wangu husema nalala nazo. Kweli.

Vijana tuliwapa stoo.
Si kwa ubaya. Tulisema tu:
vijana, pangeni viti;
vijana, rudisheni viti;
Jumamosi kuna harusi, vijana, viti.
Kisha mchungaji mimbarini,
"Vijana ni kanisa la kesho,"
nasi wazee tukaitika amina
kama watu wanaojua kesho haina haraka.

Vihenda aliisikia kesho hiyo akiwa darasa la sita.
Akaisikia tena aliporudi Chavakali
na cheti cha uhasibu kwenye bahasha ya kaki,
viti vinne mkono huu, vinne mkono ule.

Novemba, mkutano wa mwaka, mvua juu ya mabati
na matone yakidondokea daftari la nyimbo,
akasimama: "Tumechangia paa mara tatu.
Naomba kukiona kitabu."
Mzee Kisia akakohoa.
Sauti ya nyuma ikauliza, "Huyu mtoto wa nani?"
na baba yake akainamisha kichwa.
Mimi, mweka hazina, nikakifunga kitabu
polepole, kama afungaye mlango usiku
asije akaamsha watoto.

Hawakugombana nasi.
Maji hayagombani na ndoo iliyotoboka.
Januari nikajikuta napanga viti mwenyewe:
viti mia moja na ishirini,
watu thelathini na wanne,
mvi, mvi, mvi, na mtoto mmoja amelala.

Tukaunda kamati ya kujadili vijana.
Tulikuwa saba. Ukijumlisha umri wetu
ulikaribia miaka mia tano.
Tukaazimia kununua kinanda.

Nikapata habari kwamba Alhamisi jioni
wanakutana nyuma ya kinu cha Lugaliki.
Nikaenda na karipio langu tayari mdomoni.
Walikuwa tisa chini ya balbu moja,
vumbi la unga nyweleni, Biblia magotini.
Walikuwa wamelipa deni la hospitali la mama yake Agesa,
nami, mzee wa kanisa, sikujua kama aliugua.
Kijana mmoja akasema,
"Mimi sijui kama bado naamini.
Ila hapa naweza kulisema hilo."
Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyemrukia na aya.
Wakanyamaza naye.
Nilitazama huku na huku nitafute kiti.
Kulikuwa na gunia la pumba. Nikakaa.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda na kitabu.
Vihenda akakifungua, penseli menoni,
akashuka safu kwa safu, kisha akasema kwa upole,
"Hapa, mzee wangu. Ulijumlisha,
ukasahau kubeba moja."
Shilingi elfu moja.
Si wizi. Uchovu wa macho, taa ya mafuta,
kosa dogo nililolilinda miaka miwili
kwa kufuli.

Nikakata uzi kwa meno.
Ufunguo wa kabati ulikuwa mwepesi kiganjani mwake
kuliko ulivyokuwa shingoni mwangu.

Sitaki kuwadanganya: Kisia hanisalimii.
Wamerudi wanne, si tisa.
Agesa hukaa karibu na mlango, kiatu kimoja nje,
na yule asiyejua kama anaamini
huja akipenda, na tumejifunza kutomhesabu.
Kinanda kingali ndani ya boksi.

Jumapili iliyopita Vihenda alisoma hesabu mbele ya wote,
na elfu yangu ndani yake, kwa sauti,
ndoo mbili zikipokea mvua kando ya mimbari.
Watu walipotawanyika, akanitazama:
"Mzee wangu, viti."

Nikacheka peke yangu njia nzima hadi stoo.
Nabeba viwili viwili.
Ndivyo mgongo unavyoruhusu.