Sarafu ya Lifti

Lifti yetu hapa Tbilisi hula sarafu.
Tetri ishirini, ndipo ikubali kupanda
hadi ghorofa ya saba, kwenye meza yangu ya jikoni
yenye duara jeusi pale marehemu Otari
alipotua sufuria ya moto bila kitambaa.
Duara hilo nimelifundishia kipenyo, miaka sita sasa.

Wanakuja mmoja mmoja.

Saa tisa, Gega, miaka tisa, pengo mbili mdomoni.
Namwambia, kiasi hukaa juu, asili hukaa chini.
Mbona asili ikikua kipande kinadhoofu?
Nakata karatasi. Nakata tena.
Anaichukua robo, anaikunja, anaitia mfukoni,
kisha anarudi kwa njiwa wake wa dirishani.

Saa kumi na moja, Anzori, kaipita friji kwa kimo.
Mtihani wa taifa umebakiza wiki sita
naye anataka kanuni tu, upesi,
kama mtu anunuaye mkate huku teksi inanguruma.
Namchorea mlima: hapa kileleni mteremko ni sifuri,
simama kidogo, tazama kote kuwili.
Hasimami. Jibu lake ni sahihi,
na usahihi huo ndio unaonikosesha usingizi.

Saa moja usiku, Mzia wa duka la chini.
Hamsini na miwili, anataka cheti cha uhasibu.
Mikono yanuka sabuni na kitunguu,
daftari analikinga kwa kiwiko.
Akilitaja neno *hasi* anashusha sauti
kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa.

Sasa, Jumanne moja, Anzori, yule asiyeuliza,
aliweka kalamu chini:
"Hasi mara hasi. Chanya inatoka wapi?"
Miaka thelathini na mmoja ninafundisha.
Nikamjibu, "Ndiyo kanuni."
Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
na adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

Usiku nikamrushia Mzia swali hilo,
si kumpima. Nilikuwa nimechoka nalo.
Akakaa kimya. Akatoa mkobani
daftari jingine, la dukani, lenye madoa ya mafuta.
"Huyu Tsiala. Lari tano, lari tano, lari tano.
Hasi tano mara tatu, sivyo?
Alipomzika mwanawe nilifuta mistari yote mitatu.
Nilimtoa madeni matatu, Mwalimu.
Je, hakupata kumi na tano?"

Kutoa na kutoa. Neno moja,
na mimi nusu yake sikuwahi kuisikia.

Nilimpigia Anzori saa nne na robo.
Nilimsimulia Tsiala, nikalificha jina.
Hakusema ahsante. Hakusema kitu.
Nikasikia penseli, muda mrefu,
penseli ikienda, ikisita,
ikisimama.

Alhamisi lifti ilikuwa nzima
lakini Gega aliingia akihema kama mbwa wa mwinda:
"Vidato kumi na vinane, mara saba!
Mia moja ishirini na sita!
Na sikuvihesabu vyote, Mwalimu, nimezidisha!"
Akamwaga mfuko wake juu ya duara la Otari:
sarafu za lifti alizopewa na mama,
za masomo kumi na moja, hakuna hata moja iliyoliwa,
na katikati yake, imechakaa, imelainika kama kitambaa,
robo.