Kofia ya Koti la Sayo

Alianguliwa katika sehemu ya nne,
kutoka yai lililofanana na kiazi kilichoungua,
na tangu siku hiyo mimi ndiye mlezi wake wa penseli.
Asubuhi nampa masikio, jioni nampa kivuli.
Muzo. Ana neno moja tu kinywani: "Nyuu."
Ana kitanda kimoja tu duniani:
kofia ya koti la Sayo, ile ya kukingia mvua,
inayoning'inia mgongoni bila kazi siku za jua.

Leo tuko sehemu ya thelathini na moja.
Theluji imelala juu ya baiskeli zetu hapa Ogikubo,
chai imepoa,
na mkurugenzi Hatano amesema: Muzo akue.

Bwana Tokunaga wa kiwanda cha midoli
amekuja na kukua kwenyewe, tayari sandukuni:
pembe tatu, mabawa manne,
taa ya betri kifuani, inawaka ukibonyeza mkia.
Akalisimamisha mezani katikati ya vikombe,
kama mkwe ambaye hakualikwa.
"Hadithi," akasema, "itafuata."

Nikachonga penseli iliyokwisha kuchongoka.
Kisha nikasema: kukua si kufura.
Andazi hufura. Chura hufura.
Anayekua hupungukiwa;
kila ubavu mpya hufunga mlango mmoja nyuma yake.
Niambieni kwanza amepoteza nini,
nguvu zake nitazichora hata kwa kijiti cha kiberiti.

Hatano akakuna kidevu. Tokunaga akatazama saa.
Nje, lori la mafuta ya taa likapita taratibu
likipiga muziki wake wa kuita wateja.

Basi, pembe tukampa
(mkate wetu unatoka kiwandani kule, tusidanganyane).
Moja, si tatu. Mabawa mawili.
Na ile taa nikaigeuza moyo
unaoonekana kwa mbali kila anapoogopa.
Ndiyo, anaogopa. Hilo nililipigania siku mbili.
Amesimama mbele ya jitu la barafu,
mrefu kuliko daraja la reli,
magoti yanagongana,
na bado hajarudi nyuma.

Pigano lilitoka zuri. Vijana walilichora siku kumi na moja
wakilala chini ya meza,
soksi zao zimeanikwa juu ya kipasha joto,
harufu Mungu ndiye ajuaye.

Lakini mimi nilikuwa nangoja yanayofuata.

Vumbi limetua. Sayo anavaa koti lake.
Muzo, kwa mazoea, anazunguka mara mbili, anatafuta kulala.
Anainamisha kichwa kizito kama jabali,
anaijaribu kofia.
Inaingia ncha ya pua tu.
Anavuta pumzi humo. Hatoki.
Sekunde tatu. Michoro sabini na miwili.
Yote nimeichora mwenyewe, sikumpa mtu.

Ikabaki sauti.
Bi Kuwabara ana miaka sitini na minane;
kila "Nyuu" tangu yai lipasuke imetoka kwake.
Nafasi yake alikwisha kutafutiwa mwanamume
mwenye koo kama pango.
Alijua. Alikuja na keki ya kuagana,
akaiweka kando, akaomba ajaribu mara moja tu.
Akavaa hedifoni. Akalitazama lile dubwana
lililozamisha pua ndani ya kitambaa.
Hakuikwaruza sauti. Hakunguruma.
Alisema kama siku ile ya kwanza, kidogo mno:
"Nyuu?"

Fundi wa mitambo akasahau kuzima.
Tokunaga akafuta miwani isiyokuwa na ukungu.
Keki ya kuagana tuliila sote,
na haikumuaga mtu.

Jumatatu, Hatano akaniuliza
kama Sayo tumshonee koti kubwa zaidi.

Nikatafuta kichongeo.
Bado nachonga.