Pabaya Pako Wapi

Nilifika Gongoni na michoro kumi na miwili:
pampu za kijani zinazunguka, matangi yana kivuli,
moto wa kikaushio unachezacheza kama wa jikoni.
Meneja wa chumvi alipiga makofi.
Nyevu Mwarandu, wa zamu ya usiku,
aliangalia, akafuta mikono kwa leso,
akauliza: "Na hapa, pabaya pako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta kiti.

Saa saba usiku, king'ora cha kwanza:
bomba la pili limepanda nukta moja.
Akakizima bila kugeuza shingo.
Cha pili, akakizima. Cha tisa. Cha arobaini.
Juu ya spika, plasta ya kidonda
imeganda tangu Krismasi ya mwaka juzi.
"Huyu ni mtoto wa kulialia.
Siku akiungua kweli, nani atainuka?"

Kisha akatega sikio, si kwa kioo, kwa ukuta.
"Madini joto hayaendi."
Kioo changu kilisema yanaenda, kijani, raha mustarehe,
kwani niliuliza mota kama inazunguka,
sikuuliza bomba kama lina kitu.
Akatoka na tochi na spana,
buti zikisaga chumvi sakafuni.
Magunia kumi na moja yakarudishwa,
meupe, safi, yasiyo na kosa machoni.
"Nyanya yangu wa Ganze alikuwa na rovu," akasema.
"Alilifunika kwa kanga hata kwenye jua la mtama."

Siku sita nilifuta.
Moto, vivuli, nembo ya kampuni inayometameta.
Kilicho kizima kikawa kijivu,
kijivu cha maji ya bwawa alfajiri.
Kila kipimo nikakipa uzi mwembamba wa saa nane,
aone kilikotoka, akisie kinakokwenda.
Nyekundu nikaifungia kabatini:
isitoke ila kuna jambo, na jambo lina mkono wa kulitenda.
Na kioo cha kugusa nikakiacha;
vidole vyake vimepasuka kwa chumvi, hakivitambui.
Nikarudisha vitufe vya kubonyeza,
cha kuzima mbali na cha kuwasha, shibiri nzima.

"Mbona kama kimekufa?" meneja akauliza.

Nyevu hakusema kitu. Alikaa nacho usiku kucha,
chai ikipoa, ukuta ukinguruma.
Kengele mbili tu. Zote mbili aliinuka.

Plasta lakini hakuibandua.
"Ngoja kwanza," akasema, "kaskazi ipite."