Nyuma ya Matoazi

Miaka thelathini na moja nimeimba nikiwa nimekaa.
Wenzangu husimama mbele, taa ziwalambe nyuso;
mimi nipo nyuma, kati ya sahani mbili za shaba,
shingo imepinda kuifuata maikrofoni
kama mtu anayemnong'oneza kinyozi.
Watu wa Sheffield wakiisikia sauti
humtazama Clive mwenye besi, wakadhani ni yake.
Clive hufumbua mdomo kidogo, akapokea sifa.
Simlaumu. Ana sura ya kuimba.

Mkono wa kulia unasema nane,
wa kushoto unajibu kwenye mbili na nne,
mguu una mambo yake,
na koo, lenyewe, linataka kuchelewa.
Siri yote ipo hapo: koo lichelewe,
mguu usilisubiri.
Bibi yangu, Bi Mwanakheri, hakuwahi kuona dramu,
ila alihesabu mizani kwa vidole juu ya goti,
nane huku, nane kule,
na ikipungua moja
alisonya, akaanza upya.
Mpigaji wa kwanza niliyemsikia ni yeye,
na hakuwa na ngoma.

Hakuna aliyeniambia kwamba muziki ni kubeba.
Kupandisha ngoma kubwa ngazi tatu, Barnsley, mvua ya Novemba;
kuishusha saa saba usiku, vidole vimekufa ganzi,
wenye magitaa wameshafunga mikoba yao
wanakuchungulia kutoka kwenye gari lenye joto.
Mimi ni hamali
anayepewa saa mbili za kupumzika, akapiga.

Nimepigia harusi ambazo ndoa zake zimekwisha kufa.
Nimepigia mazishi ya mfua chuma kule Attercliffe;
mjane alitaka wimbo wa haraka,
marehemu, alisema, hakupenda kucheleweshwa.
Nimepigia watu wanne na mbwa.
Aliyekaa hadi mwisho ni mbwa,
na usiku ule, Mungu shahidi,
sijapata kupiga vile tena.

Mama alinionya kwa barua: ngoma ivumayo haidumu.
Mama, yangu haikuvuma.
Labda ndiyo maana bado ipo.

Sasa sikio la kushoto lina filimbi isiyonyamaza.
Daktari kasema haina dawa.
Usiku, nikikosa usingizi, naitafutia noti yake:
iko karibu na la, lakini si la yenyewe,
imepanda kidogo, kama mwimbaji mwenye woga.

Na jirani yangu, Bibi Ackroyd,
miaka kumi na miwili aligonga ukuta kwa ufagio
kila nilipofanya mazoezi.
Hakuwa na mizani hata chembe.
Nilimchukia si kwa kunikataza
bali kwa kunitoa kwenye mdundo.

Machi hii niliteleza kwenye barafu mlangoni,
kifundo cha mkono kikavunjika.
Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya.
Nilikaa nikitazama vijiti kama viatu vya mtu aliyesafiri.
Wiki ya tatu, jioni, nikichemsha chai,
ufagio ukagonga.

Mara nne. Polepole. Sawasawa.
Halafu ukanyamaza,
kama anayehesabu ili wengine waingie.

Nikashika kijiko kwa mkono mzima,
nikaingia juu ya sufuria.
Nilichelewa kidogo.
Hakunisubiri.