Damu Nzito

Hilarión Ccapa ananipa kidole
kama mtu anayempa mbwa asiyemjua.
Nakibana kwa kibanio chenye taa nyekundu
na tunaingoja namba, mimi na yeye,
upepo wa barafu ukigonga bati.
Sabini na mbili.
Kule Lima, kando ya bahari, ningepiga kengele.
Hapa, mita elfu tano, juu kabisa ya Puno,
namuuliza kama amekunywa chai.

Anataka kujua taa inaona nini.
Rangi tu, namwambia.
Damu iliyoshiba hung'aa;
yenye njaa huiva, hukaribia zambarau.
Taa hupenya kidole ikizipima zote mbili.

"Iliyoshiba nini?"
Basi nachora nyuma ya cheti chake:
himoglobini, viti vinne,
na katika kila kiti punje moja ya chuma.
Mgeni wa kwanza, oksijeni, huketi kwa shida.
Akishaketi, nyumba nzima hujipinda kidogo
na wenzake watatu huingia bila hodi.
Kisha safari, hadi kwenye msuli unaofanya kazi,
penye joto na uchachu,
na huko chuma hufungua mkono.
Kushika si kitu, namwambia. Kazi ni kuachia.
Anacheka, meno ya kijani kwa majani ya koka:
"Mwenye mgodi wangu hajasomea hayo."

Siku thelathini anachimba bila ujira.
Ya thelathini na moja ni yake:
mawe yote awezayo kubeba begani,
yenye dhahabu au yasiyo nayo.
Mwili nao umetia saini mkataba kama huo.
Hewa ilipopungua, uboho uliajiri vibarua,
wengi, halafu wengi zaidi,
hadi mishipa ikawa lango la mgodi saa ya kubadilishana zamu:
kila mmoja kabeba viti vyake, hakuna apitaye.
Midomo ya buluu. Masikio yanavuma.
Usiku huamka akitafuta mlango.

Dawa ni kushuka.
"Nishuke nikale nini?"

Basi namtoa nusu lita, polepole,
nzito kama asali ya miwa,
na mkono wa pili namrudishia maji ya chumvi.
Anautazama mfuko juu ya mizani.
Kwa mazoea anakadiria: "Gramu mia tano na ishirini."
Mizani inasema mia tano kumi na nane.

Binti yake Nayda yuko Pucallpa, kwa bibi yake.
Amepauka. Wanampa vidonge vya chuma, anavitema.
"Na hiki si chuma? Mpelekeeni."

Ninalo jibu la kitabuni,
makundi, majokofu, kanuni.
Nafunga mrija.
Alipanda mlima kuchuma,
na chuma ndicho alichopata.

Kidole tena. Sabini na sita.
"Imepanda," nasema.
Anavaa kofia yake yenye taa. Zamu ni saa nane.
Mfuko uko mezani,
bado una joto.