Daftari la Shekuwe

Baba hakujua kuandika.
Alijua kukopesha, na hilo ni somo jingine.

Kabla Kuze haijamwaga maji ya kwanza mlangoni
alikwisha kufunga bunda: sindano, uzi, wanja,
vitana vya pembe, leso sita chini,
na vioo viwili alivyovilaza ndani ya kanzu yake ya Idi
visivunjike.
Kanzu ile ilichakaa kwa kubeba, si kwa kuvaliwa.

Kibokoni, Mkanyageni, akavuka Makupa,
Changamwe, Mikindani, hadi Rabai juu, kwa miguu.
Siku tisa. Siku kumi.
Mama alipima mchele kikombe kimoja badala ya viwili,
na usiku hakuizima koroboi.

"Hodi, sindano! Hodi, wanja!"
Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
Miaka thelathini aliuza kwa mikono;
nyuso hakuziona, wala hakuuliza.
Mkono ulitoka, ukapima uzi kwa dhiraa,
ukarudi ndani na mali, nje ikabaki sauti:
"Mwezi ukiandama, Shekuwe."
Naye akachomoa penseli sikioni, akachora.

Alipokufa, daftari likaja kwangu,
mimi niliyesomeshwa kwa sindano zile.
Nikafungua. Herufi hata moja.
Paka. Ufunguo. Midomo na vitone vitatu.
Mkono wa vidole vinne.
Na ubavuni mwa kila mmoja vijiti,
vijiti, kama manyunyu ya asubuhi.

Nikatwaa buibui, nikafuata nyayo.

Mkanyageni paka alikuwako, kilembwe wa yule labda,
amelala kizingitini. Bi Zuhra alicheka mpaka akakaa chini.
"Shilingi mbili na thumni! Nami nilimwambia aniandike Zuhra!"
Kuze nilibisha, ndani mtu akakohoa
mara tatu. Sikuwa na haja ya kuuliza jina.
Ufunguo alikana. Alikana akiapa,
funguo zikimlilia kiunoni.
Mikindani, vidole vinne vilinipa kuku,
nikarudi naye kwapani akinitukana njia nzima.
Na Rabai, ukurasa uliofutwa kwa mate:
"Hapo tulifiwa," wakaniambia.
"Babako hakudai penye matanga."

Ukasalia ukurasa wa mwisho.
Koroboi, moto wake umechorwa kwa kukandamiza,
na vijiti mbele, nyuma, vikapanda juu ya jalada,
deni lisilo na mfano katika daftari zima.
Nilizunguka nalo mitaa miwili. "Si mimi."
"Si mimi, mwanangu, ningelala vipi na deni hilo?"

Nikampelekea mama. Alikuwa akichambua mchele.
Akafuta mikono, akalisogeza karatasi dirishani.
"Koroboi yangu hii," akasema.
"Na hivi ni masiku aliyolala nje."

Akaanza kuhesabu, kidole juu ya kijiti,
midomo ikienda bila sauti.
Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, ikaisha.
Nilidhani analia, nikaangalia pembeni.

"Kapunguza," akasema.
"Mwaka wa nzige haumo."

Kisha, bila kuinua macho:
"Hebu nipa hiyo penseli."